Hadithi ya vijana: rafiki aijue vipi siri ya nyumbani?

Wakuu, naandika hadithi ya maneno 1,500. Zuhura yuko kidato cha pili, baba yake mlevi anampiga mama. Rafiki yake Neema agundue vipi bila Zuhura kusimulia kila kitu?

Jibu: Mpe dalili, si hotuba. Mfano: kengele ya mwisho imelia, Zuhura bado anafuta ubao ambao si zamu yake. Dalili tatu zinatosha. Simulia kwa jicho la Neema tu. Ukiingia kichwani mwa Zuhura, siri imekwisha.

Jibu: Naongezea. Neema asimkabili baba, hapo ndipo hadithi nyingi huharibika. Amwambie mwalimu wa malezi, au wapige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure Tanzania na Kenya. Na tafadhali, baba asiokoke ukurasa wa mwisho.