Naomba ushauri: Kuweka Linux ndani ya Windows kwa VirtualBox, laptopu ni ya steshenari ya dada

Uyole Kwetu
Habari za jioni wakuu. Kichwa cha habari kinahusika.

Nimeanza kozi ya mitandao ya kompyuta hapa Mbeya na mwalimu anataka tuizoee Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows ilivyo) kabla hatujafika kwenye mambo ya seva. Laptopu ninayotumia ni ya dada yangu mwenye steshenari Mwanjelwa. Mchana inachapa barua na kujaza maombi ya mikopo ya wanafunzi, usiku narudi nayo nyumbani. Humo kuna kazi za wateja za miaka mingi, kwa hiyo kufuta Windows ni kutafuta kufukuzwa nyumbani.

Ni HP ya mtumba, Core i5 kizazi cha sita, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, siyo SSD. Windows 10. Nimeweka VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya Windows, na kushusha Linux Mint (aina mojawapo ya Linux) yenye mwonekano wa Cinnamon kwa bando la usiku. Nikiiwasha inagoma, inaleta maandishi marefu yenye VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED.

Hilo kosa linatatuliwaje? Kwa RAM hii nitatoboa? Na mafaili ya dada yako salama? Naomba kuwasilisha.

Baridi ya Njombe
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila laptopu ikichemka usiilaumu, huku kwetu Juni tungeikumbatia.

Kihesa Juu
Kamwene. Mkuu, achana na mashine pepe, hiyo kompyuta ya kubuni ya VirtualBox. Gawa diski, Linux ipe GB 60, uwe unachagua mfumo wakati wa kuwasha. GB 4 kuendesha mifumo miwili kwa wakati mmoja ni kujitesa. Halafu huyo dada mwambie ukweli: Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha yao ya Windows 11. Ahamie Linux moja kwa moja.

Fundi wa Mafiati
Kihesa, la RAM uko sahihi. La kugawa diski yenye kazi za wateja nakupinga, tena wakati wa msimu wa mikopo. Umeme ukikatika katikati ya kugawa na betri ya mtumba ikazima, nani atamweleza dada mtu? Na kumhamisha mwenye biashara kabla hujajua kama printa na skana yake zitakubali huko ni ushauri wa kumpa mtu ambaye huli kwake.

Mleta mada, hilo kosa si ugonjwa. Prosesa yako ina uwezo wa kubeba mashine pepe, ila umezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Fungua Task Manager, Performance, kisha CPU, utaona Virtualization: Disabled. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F10 (hiyo ni kwa HP, Dell ni F2), tafuta Virtualization Technology, weka alama, hifadhi, toka. Kabla ya hapo hakikisha kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data. Kama ndiyo, tafuta ule ufunguo wa kuifungulia uuandike kwenye karatasi, maana ukigusa BIOS inaweza kuudai, na asubuhi wateja wamejaa.

Ikikubali kuwaka lakini inajikokota, angalia chini kulia kwenye dirisha la VirtualBox. Ukiona kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, imeshika usukani. Nenda Windows Features uondoe Hyper-V na Virtual Machine Platform, na Memory Integrity (ulinzi ulio ndani ya Windows Security) nayo uizime kama imewashwa.

Sasa RAM. Cinnamon ni nzuri kwa macho lakini si ya GB 4. Windows peke yake inakula kama nusu. Chukua Debian, aina nyingine ya Linux, yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, ipe GB 1.5 na kori mbili, na ukiwa ndani funga kivinjari cha Windows. Utajifunza amri zote unazotaka. Video za YouTube humo ndani sahau.

Uyole Kwetu
Ndaga fijo fundi! BIOS imekubali na imewaka. Nimeweka ile faili ndogo ya Debian, nyingine inashuka yenyewe. Ila nimesimama sehemu ya kugawa diski: inasema itatumia diski nzima na data zote zitafutwa. Mkono unatetemeka. Diski ipi hiyo?

Fundi wa Mafiati
Itakayofutwa ni diski ya kubuni tu. Kwa Windows hiyo ni faili moja yenye mwisho wa .vdi, na Linux iliyo ndani haioni kitu kingine. Kihakiki ni ukubwa: ukiona GB 25 ulizoweka wewe, endelea. Ungeona GB 500 ningekwambia chomoa waya.

Faili hiyo huanza ndogo na kukua kadiri unavyojaza. Lakini ukifuta vitu ndani haipungui yenyewe, kwa hiyo usijaze filamu humo.

Mama Steshenari
Mimi nina ofisi kama ya huyo dada, hapa Makambako. Mdogo wangu, kabla hujaendelea, nunua diski ya nje unakili kazi zote za dada. Hata usipoharibu kitu. Siku diski hiyo ya mtumba ikifa yenyewe, wewe wa Linux ndiye utakayesingiziwa.

Kihesa Juu
Mama kamaliza. Naongezea: ukipata hela anza na RAM, ifike GB 8. Ila fungua kifuniko kwanza usome kilichoandikwa kwenye RAM iliyomo. Kizazi cha sita kuna zinazotumia DDR3L na kuna zinazotumia DDR4, hazibadilishani, na muuzaji hatakurudishia pesa.

Uyole Kwetu
Mama, shikamoo. Nimekusikia, nitaongea na dada kuhusu diski ya nje.

Debian imeingia. Skrini ni ndogo katikati ya dirisha, haitanuki. Na nitatoaje kazi zangu kutoka humo kwenda Windows nikachape?

Fundi wa Mafiati
Unahitaji Guest Additions, programu za nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya Linux. Ndani ya Debian fungua taminali, andika:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Ikikwambia huna ruhusa ya sudo (amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi), ni kwa sababu uliweka nywila ya root, yaani msimamizi mkuu, wakati wa kusimika. Andika su - kwanza, halafu amri hiyo bila neno sudo. Kisha kwenye menyu ya VirtualBox, Devices, chagua Insert Guest Additions CD image, ingia kwenye hiyo CD uendeshe VBoxLinuxAdditions.run kama root. Washa upya, skrini itajaa.

Kwa mafaili, tengeneza folda moja upande wa Windows, iite jina lolote, uishirikishe kupitia Shared Folders. Usishirikishe Documents ya dada! Halafu jiingize kwenye kundi la vboxsf, lenye ruhusa ya kufungua folda hiyo:

sudo adduser jina_lako vboxsf

Toka kwenye akaunti uingie tena, vinginevyo itakuandikia Permission denied na utarudi hapa kunisumbua.

Baridi ya Njombe
Fundi, na mimi yangu ni AMD, hiyo Virtualization Technology siioni kwenye BIOS.

Fundi wa Mafiati
Kwa AMD tafuta SVM Mode.