Tupeane uzoefu: anguko gani la barafuni linakuuma mpaka leo?

Mzee wa Akseli (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kuangalia marudio ya ubingwa wa dunia wa kuteleza kisanii barafuni, Boston 2025. Dogo Malinin wa Marekani kabeba ubingwa mara ya pili mfululizo kwa 318.56, na anayemfuata, Shaidorov wa Kazakhstan, yuko nyuma alama 31 na ushee. Hakuna presha kabisa. Nikajikuta nazikumbuka zile zama za kuangalia roho ikiwa mkononi. Basi tupeane uzoefu: ni anguko gani la wanaume (akina dada wana uzi wao) ambalo likikujia unasukuma sahani pembeni?

Naanza mimi. Beijing, Februari 2022. Mnajua Hanyu wa Japani alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Sochi na ya PyeongChang, anatafuta ya tatu. Programu fupi, ile raundi ya kwanza, anataka kuruka salko (aina ya mruko) ya mizunguko minne, chuma cha kiatu kikaingia kwenye shimo barafuni, mruko ukawa wa mzunguko mmoja. 95.15, nafasi ya nane. Dhahabu imeondoka kwa sababu ya kishimo ambacho hata glasi ya kahawa isingekaa.

Alhamisi ndiyo programu ndefu, na kila mtu anajua atajaribu akseli, mruko mwingine, ya mizunguko minne na nusu, kitu ambacho mpaka siku ile hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukitua kwenye mashindano. Mimi niko kwenye daladala la kutoka Mbagala, limejaa mpaka mlangoni, simu nimeinyanyua juu ya bega la mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Hanyu anakuja, anageuka mbele, anaruka. Yuko hewani, mikono kifuani. Picha ikaganda, kiduara kinazunguka. Bando limeisha.

Nikakopa salio, nikanunua bando vidole vinatetemeka. Picha inarudi, muziki umekwisha, jamaa kasimama mkono juu anaangalia paa. Nikasoma maoni ndiyo nikajua alianguka. Majaji waliuandika kuwa ni ileile akseli ya minne na nusu, ila mizunguko haikukamilika tu. Akamaliza wa nne. Yule mama wa dagaa akanigeukia: "Baba, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole mpaka Kariakoo.

Shangazi wa Tabata
Umetonesha kidonda. Lile shimo! Lile shimo!

Kisauni Finest
Mimi bando lilikuwepo ila nilifumba macho. Kwa hiyo tuko sawa tu.

Bingwa Mtazamaji
Wanaume wazima mnakesha kuangalia wanaume wenzenu waliovaa nguo za kumetameta? Njooni uzi wa Simba na Yanga.

Shangazi wa Tabata
@Bingwa vaa hivyo viatu utembee hatua tatu tu, halafu urudi hapa na meno yako yote tuongee.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Langu ni Shanghai, Novemba 2014, na nikilikumbuka damu inanichemka.

Ile dakika sita ya kupasha kabla ya programu ndefu. Wachezaji sita kwenye barafu moja, kila mtu anakimbia kwa kasi ya ajabu akiwaza mruko wake. Hanyu anageuka, Han Yan wa China anakuja upande mwingine, wakagongana mwili kwa mwili. Wote chini. Hanyu hanyanyuki. Damu kidevuni, damu kichwani. Nilikuwa chumba cha wauguzi, chai yangu mkononi, nikasimama kama vile nimeitwa wodini.

Nikasema basi, kajitoa. Baada ya muda namwona anarudi kafungwa bandeji kichwa kizima na plasta kidevuni. Akacheza! Alianguka mara tano, na kila akianguka anainuka na kwenda kuufuata mruko unaofuata. Alama zilipotoka alilia akiwa ameinama, uso haonyeshi. Akapata fedha.

Watu wanaipenda ile video, wanaiwekea muziki wa huzuni. Mimi ninachokiona ni mgonjwa wa kichwa aliyeruhusiwa kuondoka wodini. Mtu kagonga kichwa namna ile unamlaza, unamwangalia mboni za macho, unamuuliza leo siku gani. Humwambii nenda ukazunguke hewani.

Chuma cha Reli
Dada, yule ni mwanaume wa shoka. Alikuwa na miaka 19! Angejitoa tusingekuwa tunamwongelea leo.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Angekufa ungemwongelea zaidi. Shoka lako liweke pembeni.

Chuma cha Reli
Hasira za nini sasa? Si alipona?

Kisauni Finest
Niko na muuguzi. Chuma, tulia.

Njoroge wa Rongai
Langu si anguko, ni wizi. Vancouver 2010. Plushenko wa Urusi karuka mruko wa mizunguko minne akaunganisha na wa mitatu, safi. Evan Lysacek wa Marekani hakuruka mnne hata mmoja. Dhahabu kapewa nani? Lysacek, 256.67 kwa 255.36. Alama moja na ushee! Mnne umetambuliwa tangu Kurt Browning 1988, halafu 2010 mtu anashinda bila hata kuujaribu? Wueh. Plushenko mwenyewe akienda kupanda jukwaa alikanyaga kile kidaraja cha dhahabu makusudi, na alikuwa na haki.

Mzee wa Akseli
Njoroge tulishagombana kuhusu hili. Lysacek alipanga miruko mingi nusu ya pili, ambako kila mruko uliongezewa asilimia 10. Plushenko aliimaliza mingi mapema. Hiyo ni akili ya darasani, si wizi. Na angalia miruko ya Plushenko siku ile, hewani kapinda.

Njoroge wa Rongai
Kapinda lakini alitua!

Shangazi wa Tabata
Mchezo huu si kuruka tu. Ungekuwa kuruka tu tungeangalia sarakasi.

Mkeka wa Chuma
Wakuu, ninyi mmeumia roho. Mimi niliumia mfukoni, na hii sijawahi kuisimulia popote.

PyeongChang 2018. Nathan Chen wa Marekani msimu mzima hajashindwa. Hanyu kaumia kifundo cha mguu Novemba, tangu hapo hajashindana hata mara moja. Kwenye mashindano ya timu Chen aliboronga kidogo, nikasema hizo ni rasharasha. Sasa niambieni, hapo hesabu ya kumkataa Chen iko wapi? Nilikuwa na kodi ya nyumba ya miezi sita, iko kwenye bahasha, Jumatatu inakwenda kwa mama mwenye nyumba. Odi zilikuwa tamu. Nikaitandika yote: Chen, dhahabu.

Ijumaa alfajiri niko sebuleni, taa nimezima, sauti ya televisheni nimeshusha mpaka mwisho. Mruko wa kwanza, ule unaoitwa lutsi, wa mizunguko minne: chini. Unaofuata katua vibaya, hawezi kuunganisha. Akseli, nusura akae. Alama 82.27, nafasi ya kumi na saba. Hanyu, na mguu wake mbovu, 111.68. Dakika mbili na sekunde arobaini zimekula miezi sita.

Mama watoto anatoka chumbani kwenda kubandika maji, ananikuta nimepiga magoti mbele ya skrini. Akadhani nasali. Akapita kwa kunyata ili asinikatishe.

Jioni nikamwambia. Hapo sisimulii. Usiku nililala Kimara kwa mdogo wangu, na maumivu yenyewe yako hapa: Jumamosi alfajiri dogo nimemkuta kawasha TV, na Nathan Chen huyohuyo anaruka mizunguko minne mara sita kwenye programu moja. Sita! 215.08, hakuna aliyemfikia siku ile kwenye programu ndefu, hata Hanyu. Kapanda kutoka kumi na saba mpaka wa tano. Mdogo wangu anapiga makofi, ananiambia "kaka huyu mtu hatari". Nikamwambia najua.

Na narudia: hesabu yangu ilikuwa sahihi. Tatizo ni ile lutsi.

Kisauni Finest
Akadhani nasali 😂😂😂 nimefia hapa

Bingwa Mtazamaji
Hii chai ina tangawizi. Kampuni gani Bongo inaweka odi za barafu?

Mkeka wa Chuma
@Bingwa kwenye michezo ya Olimpiki wanaweka mpaka ile ya kufagia jiwe. Picha ya mkeka ninayo, sikuioneshi.

Chuma cha Reli
Mama mwenye nyumba alisemaje?

Njoroge wa Rongai
Ungesubiri miaka minne tu buda. Beijing 2022 Chen alichukua kwa 332.60, mtu hakumkaribia.

Shangazi wa Tabata
Mama mwenye nyumba jamani?

Mkeka wa Chuma
Niliuza pikipiki.

Abu Salma Dubai
Naongeza moja, si ya kuanguka. Julai 2018 nafanya kazi huku na kijana wa Almaty, mcheshi sana. Siku hiyo kaja kazini haongei. Saa ya chakula akanionyesha simu: Denis Ten kachomwa kisu na vibaka waliokuwa wanaiba vioo vya gari lake. Miaka 25. Yule ndiye aliyewapa Wakazakh medali yao ya kwanza ya Olimpiki kwenye mchezo huu, shaba ya Sochi. Mwaka mmoja kabla ya Sochi alikosa ubingwa wa dunia kwa alama 1.30 mbele ya Patrick Chan wa Kanada, na kwenye programu ndefu alimshinda. Kwa ajili ya vioo vya gari. Rafiki yangu alikula wali wake wote kimya, machozi yanadondokea kwenye sahani, hajifuti. Juzi Shaidorov alipopata fedha Boston, naye ni wa Almaty, nilimtumia ujumbe. Alijibu kwa bendera tu.

Chuma cha Reli
Pikipiki ilikuwa Boxer au TVS?

Muuguzi Zamu ya Usiku
Jamani Abu Salma kaandika jambo zito mnalipita mnauliza pikipiki. Pole sana kaka, na mpe pole mwenzio.

Mkeka wa Chuma
TVS. Pole Abu Salma.

Mama Nuru, Montreal
Naona msiba umezidi, nileteni na raha kidogo. Ubingwa wa dunia 2024 nilikuwepo uwanjani. Adam Siao Him Fa wa Ufaransa, ambaye wazazi wake ni wa Mauritius kwa hiyo kwangu ni mtoto wa nyumbani, kaharibu programu fupi, wa kumi na tisa. Yaani anacheza na kundi la kwanza, watu bado wananunua bisi. Akaruka kila kitu, halafu akapiga samasoti ya kurudi nyuma, ambayo wakati ule ilikuwa marufuku, unakatwa alama mbili. Aliipiga akijua! Kisha akakaa kwenye kile kiti cha anayeongoza, wanakuja, wanashindwa, wanakuja, wanashindwa. Waliompita ni Malinin na Kagiyama tu. Shaba. Jirani yangu Mkanada alinikumbatia na hatujuani.

Mzee wa Akseli
Hiyo ndiyo Malinin alipopata 333.76. Na msimu uliofuata samasoti ikaruhusiwa.

Mgeni Mpya
Wakuu mimi ndiyo naanza kufuatilia. Mnashauri nianzie wapi?

Shangazi wa Tabata
Anzia Sochi 2014 uone Hanyu anavyoanguka mara mbili na bado anachukua dhahabu. Utajifunza kutokata tamaa mapema.

Njoroge wa Rongai
Usianze kabisa. Kama lazima, nenda kile kiwanja cha barafu cha hotelini Mombasa Road hapa Nairobi, wanakochezea hoki Ice Lions. Ukianguka mara ya kwanza utaacha kuwalaumu hawa vijana.

Kisauni Finest
Usiangalie moja kwa moja. Soma matokeo kwanza ndiyo uangalie. Moyo utakushukuru.

Mama Nuru, Montreal
Uongo, ukijua matokeo ni bora uangalie taarabu. Angalia moja kwa moja, ila zima sauti, watangazaji wana mikosi.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Yale ya vijana wadogo yanaoneshwa bure YouTube. Anzia huko, uwajue kabla hawajawa mastaa.

Mgeni Mpya
Asanteni. Na Olimpiki ya mwakani, Milano 2026, nani atachukua?

Mkeka wa Chuma
Malinin. Hilo halihitaji hata hesabu, dogo ana mruko ambao hakuna mwingine duniani anao. Mimi nimeshaanza kuweka kidogo kidogo.

Shangazi wa Tabata
Mungu wangu. Mods futeni hiyo posti.

Mzee wa Akseli
Mkuu nakuomba kwa heshima zote, mwache huyo mtoto. Weka kwa mwingine yeyote. Weka kwa Bingwa Mtazamaji.