Msaada: insha za kuhamia UC kutoka komyuniti koleji

Kipepeo_wa_Jioni:
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) California, ifikapo Mei nitakuwa na krediti 60. Naomba kuhamia UC, yaani Chuo Kikuu cha California, fani ya biokemia. Nina rasimu ya maneno 900 inayoanzia utotoni Tanga mpaka hapa nilipo. Halafu kuna kozi ya kalkulasi niliiacha katikati, transkripti ina W. Niiseme au ninyamaze? Msinionee haya, nipeni ukweli.

Kalamu_Nyeusi:
Hiyo rasimu iweke pembeni, ila usiifute. UC hawana insha moja ndefu. Anayehama anajibu maswali manne, kila jibu lisizidi maneno 350. Matatu unachagua mwenyewe kati ya saba. Moja ni la lazima, linauliza umejiandaa vipi kwa fani yako na kama utazimudu kozi za mwaka wa tatu. Anza na hilo. Utoto wa Tanga hauna nafasi pale. Chukua kozi mbili ulizosoma hapo koleji, onyesha ulichofanya kwa mikono yako na swali lililobaki kichwani. Linganisha:

"Tangu nikiwa mdogo nimependa sayansi na kusaidia watu."

"Kwenye maabara ya kemia, majibu yangu ya titresheni yalipishana mara tatu. Nilikuwa nafungulia bureti kwa kasi hata rangi inapokaribia kubadilika. Mara ya nne nilishusha tone moja moja."

Ya kwanza anaweza kuiandika yeyote. Ya pili inamwonyesha mtu anayejua kusaka kosa lake.

Nahodha77:
Kingine kinachowaponza wengi: fomu ni moja, na kila kampasi uliyoichagua inasoma majibu yale yale. Ukiandika "ndoto yangu ni Berkeley", Davis nao wanaisoma. Usitaje kampasi. Vyuo binafsi vya Common App, ile fomu ya pamoja ya vyuo vingi, ni habari nyingine, huko wengi watakuuliza kwa nini unahama na kwa nini kwao. Jibu kwa kozi na maabara unazozifuata, usiiponde koleji yako.

W ina kisanduku chake cha maelezo kwenye sehemu ya masomo. Sentensi tatu: kilichotokea, ulichobadilisha, alama uliyopata uliporudia. Usiipe nafasi kwenye yale maneno 350.

Bi_Mkubwa_wa_Pwani:
Nampinga kidogo Nahodha. W moja iliyofuatwa na alama nzuri mara nyingi inajieleza yenyewe. Zikiwa mbili au tatu muhula mmoja, hapo lazima uzungumze.

Mwanangu, kwenye hiyo rasimu angalia "sisi". Tumelelewa kuona aibu kusema "mimi nilifanya", basi tunaandika "tulianzisha kikundi cha masomo", na msomaji hajui kama uliongoza au ulileta maandazi tu. Sema: niliandaa maswali kila Alhamisi, walikuja watu sita, niliacha kusahihisha nikawa nauliza. Na methali ya kufungulia iondoe. "Haba na haba" inataka tafsiri, tafsiri inataka ufafanuzi, na maneno 40 yameshaliwa kabla hujasalimia.

Kipepeo_wa_Jioni:
Asanteni sana. Je, niandike kwa Kiswahili kwanza halafu nitafute wa kunitafsiria?

Kalamu_Nyeusi:
Orodha ya matukio na hesabu zake iandike kwa Kiswahili, maana ndivyo unavyokumbuka. Sentensi zenyewe ziandike kwa Kiingereza chako. Mtafsiri atakupa lugha isiyofanana na wewe, na kunakili ni hatari zaidi, UC hukagua wizi wa maandishi. Andika kila jibu kama maneno 450 kisha pogoa. Atakayeanza na 350 kamili hatakuwa na cha kukata. Bandika kwenye fomu kama maandishi matupu, kisha hesabu aya zako upya.

Nahodha77:
Na tarehe: kuwasilisha kunaanza Oktoba 1, na mlango unafungwa kati ya mwisho wa Novemba na siku za mwanzo za Desemba, angalia siku kamili ya mwaka wako. Kama unataka TAG, yaani nafasi ya uhakika, hiyo ni Septemba 1 hadi 30, na Berkeley, Los Angeles na San Diego hawaitoi. Januari unarudi kwenye mfumo kujaza alama za muhula uliopita. Wengi hujisahau hapo.

Kipepeo_wa_Jioni:
Nimepitia rasimu na kalamu nyekundu. "Sisi" mara 19, "mimi" mara 2. Naanza upya na titresheni.