Ofisi inanitaka, moyo uko mtaani: nianzie wapi?

MchoroMpya

Wakuu habari za jioni. Kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Nasoma ubunifu majengo hapa Dar, nimebakiza mwaka mmoja. Field ya mwaka huu nimeifanyia kwenye ofisi ya wabunifu mjini, kazi yao kubwa ni maghorofa ya kupangisha. Nimechora majedwali ya milango na madirisha, vyoo, ngazi, mpaka yale maelezo madogo ya mahali dari inapokutana na ukuta. Saiti nako nilipelekwa. Siku moja tulikuta nguzo ya ghorofa ya pili imesimama pembeni ya pale ilipochorwa, nikaangalia mbunifu, mhandisi na mkandarasi wakivutana hadi wakakubaliana nani anabeba gharama. Darasani sijawahi kufundishwa kitu kama kile. Ofisi wameipenda kazi yangu. Wanataka niendelee nao kwa saa chache kila siku nikiwa mwaka wa mwisho, kwa posho, na nikihitimu waniajiri.

Ofisi haina tatizo. Ila kwenye studio ya mwaka jana tulipelekwa Vingunguti kupima nyumba na kuzungumza na wenyeji. Mimi niliangukia nyumba ya Kiswahili, vyumba sita vinatazamana, korido katikati, choo na jiko uani. Mwenye nyumba kabaki na chumba kimoja, vingine kapangisha. Baraza ya mbele ina shughuli kuliko sebule yoyote niliyowahi kuchora: alfajiri mpangaji mmoja anakaangia maandazi pale, mchana watoto wanafanyia kazi za shule, jioni wazee wanacheza bao. Mlangoni kumejengwa kizingiti cha tofali mbili kuzuia maji ya mto Msimbazi yasiingie ndani, na ukutani zimebaki alama za mafuriko, moja juu ya nyingine. Mzee alinionyesha kwa kidole ipi ni ya mvua zipi. Nilitoka pale nikijua nataka kufanya nini na elimu hii.

Sasa kuna kikundi kinachofanya kazi na wakazi wa makazi yasiyopangwa, wanachora ramani za mitaa na kusaidia kupanga mitaro na vyoo. Wananihitaji kipindi kilekile, malipo ni nauli na chakula cha mchana. Na kijijini kwetu, wilaya ya Muheza, wananchi wamejenga boma la madarasa mawili mpaka lenta, lile zege la juu ya milango na madirisha, kisha limekwama. Mwenyekiti wa kijiji kamwambia baba, "Kijana wako si anasoma mambo haya? Aje atusaidie."

Baba amestaafu, nina wadogo wawili shuleni, na nikiajiriwa Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara. Kwa hiyo pesa ina uzito kwangu, siwezi kuificha. Naomba ushauri, hasa kwa waliopita njia hii. Na lile boma nilishike vipi nisije nikawaharibia watu nguvu zao?

MizaniTatu

Marahaba kijana. Mimi ni mbunifu niliyesajiliwa, na jibu langu ni ofisi.

Kwanza kuna suala la usajili. AQRB, bodi inayosajili wabunifu majengo, watataka kuona umefanya kazi kwa vitendo chini ya mtu aliyesajiliwa. Bila usajili huwezi kujiita mbunifu majengo wala kugonga mhuri kwenye mchoro wa mtu. Na anayeumia zaidi na msaidizi asiye na mhuri ni maskini, maana mchoro ukikataliwa halmashauri, hana pesa ya kuchorewa upya. Kiulize hicho kikundi swali moja: nani pale amesajiliwa, na yuko tayari kukusimamia? Wakimtaja mtu wa kweli, nitabadili msimamo wangu nusu.

Halafu, hayo majedwali ya milango unayoyachora ndiyo kazi yenyewe. Angalia Soko la Kariakoo, lililojengwa miaka ya 1970. Beda Amuli, mbunifu wake, alisoma Haifa, Israeli, akafanya kazi kwenye ofisi za watu, kisha akafungua yake. Paa la lile soko ni miavuli ya zege inayokinga mvua, na chini yake muuza nyanya anapata kivuli na hewa bila kuta za kumfungia. Kama kuna jengo la jamii nchi hii, ni lile. Lilipoungua Julai 2021 kila mtu alijua ni chake kimeungua. Usingeweza kumwaga miavuli ile kwa moyo mwema peke yake, ilitaka mtu anayejua zege.

DadaMipango

Kaka MizaniTatu, kwenye usajili nakuunga mkono. Ninapokataa ni kwenye lile wazo la "kwanza ofisi, jamii itasubiri." Nimeona wengi waliosema hivyo, na leo hata kumsikiliza mpangaji hawawezi, kwa sababu wamezoea mteja mmoja anayelipa.

Mdogo wangu, kazi ya mtaani nayo ina ufundi wake na hapa nchini ina historia. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi wenyewe walishiriki kujenga mitaro na barabara za mtaa wao. Waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wale waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba walinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga nyumba za kuongezwa kidogokidogo kadiri mtu anavyopata. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio waliotembea vichochoroni pamoja na wakazi, wakichora mitaro na maeneo yanayofurika. Wanafunzi kama wewe.

Nikwambie na jambo ambalo ofisini hutalikuta. Ukiitisha mkutano wa mtaa saa nne asubuhi watakuja wenye nyumba, wazee wa kiume. Wapangaji wako kibaruani, kina mama wako sokoni au jikoni. Kwa hiyo utachora mtaa wa wenye nyumba tu. Sisi tulijifunza kuwafuata kina mama pale pale wanapochota maji. Tena tuliacha kuwapa karatasi za ramani. Tulipeleka maboksi tuliyoyakata yawe kuta, tukayaweka chini, tukawaambia wayasogeze. Mama mmoja aliyenyamaza mkutano mzima alichukua boksi la choo akalihamishia upande wa pili wa uani. Tulipomuuliza sababu, akasema pale tulipokiweka usiku ni giza, na binti yake hawezi kwenda peke yake. Taarifa hiyo haikuwa kwenye dodoso letu lolote.

Jifunze hilo sasa, ukiwa bado unauliza maswali bila kuona aibu.

Kapuku_Mtafutaji

Dogo, wadogo zako wawili wako shule na mzee kastaafu. Chukua posho ya ofisi. Mtaa hauhami.

FundiWaTanga

Mimi ni fundi muashi, nimejenga shule nyingi kwa ile fosi akaunti, yaani serikali inatumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi. Yale madarasa ya fedha za UVIKO, mwaka 2021, nilikuwepo. Kila darasa milioni 20, na sisi mafundi wa mtaani ndio tuliyasimamisha. Kwa hiyo hilo boma la Muheza naliongelea kwa ninachokijua.

Kijana, usiende na mchoro. Nenda na timazi, pima maji, futi na nyundo. Zunguka kuta zote. Angalia kama wamejengea saruji au udongo, maana ukuta ulioachwa wazi kwenye mvua, kozi za juu zinalegea hata kama kwa chini ni mzima. Gonga lenta kwa nyundo taratibu, zege zuri linalia kikavu, bovu linaitika kama lina uwazi ndani. Tafuta nyufa kwenye pembe za madirisha. Uliza nondo waliweka ngapi na nani alizifunga, na ikiwezekana umpate yuleyule aliyezifunga. Hizo habari mwenyekiti hana, fundi anazo.

Likiwa zima, ongelea kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Hapo ndipo pesa za wananchi hupotea. Mbao zisizotiwa dawa zitaliwa na mchwa, na kenchi zikiachana sana, bati litabonyea na upepo ulibebe. Afadhali wapaue darasa moja vizuri kuliko mawili kwa kubahatisha.

Na usiguse kitu kabla mhandisi wa halmashauri hajafika. Wakijenga nje ya ramani ya serikali, fedha za kumalizia zinaweza kuwakwama.

MchoroMpya

Fundi, asante sana, haya nayaandika kwenye daftari. Dada, lile la boksi la choo nimelisoma mara mbili. Swali langu: kama ramani ya darasa ni ile ya serikali na boma liko kwenye lenta tayari, mimi kama mbunifu nina nafasi gani iliyobaki?

MizaniTatu

Nafasi ipo kubwa. Anza na jua. Kama upande mrefu wa jengo unatazama magharibi, watoto wataungua kila alasiri, kwa hiyo ongea na mhandisi kuhusu kurefusha ukingo wa paa upande huo, na panda miti mapema. Juu ya lenta weka tofali za matundu pande zote mbili ili joto lipate pa kutokea. Weka gata na tanki, maana watoto wa shule nyingi za kijijini wanatumwa kuchota maji wakati mvua inamwagika bure juu ya bati. Mlangoni weka mteremko badala ya ngazi, kwa mtoto wa kiti cha magurudumu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalovunja ramani.

DadaMipango

Hapo tumekutana, kaka. Niongeze mfano. Francis Kéré alijenga shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001, naye bado mwanafunzi Berlin. Alitumia tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ipite katikati na joto litoke, na wanakijiji wakajenga wenyewe. Mwaka 2022 alipata tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza. Sisemi uwe Kéré. Nasema hakusubiri kuhitimu ndipo awe na faida kwa watu wake, na hakuacha hesabu za joto na uzito kwa sababu mteja ni kijiji.

Mwenzenu_Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilifanya yote mawili. Katikati ya wiki nilikuwa kwenye kampuni, Jumamosi nilikuwa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, baada ya eneo lile kutangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Ilichosha, lakini kila upande ulinisaidia kwa mwingine. Nilikuwa nikijua bei za mabomba kutokana na kazi ya ofisini, hivyo wakazi waliponiuliza ni lipi linawezekana, sikuwadanganya.

Jitayarishe kwa swali ambalo hukufundishwa chuoni: "Mkishatutengenezea hapa, kodi itapanda?" Mpangaji anajua kwamba mtaro mzuri na taa vinaweza kumfukuza yeye na kumleta mwingine. Usilikwepe. Waulize wanaokualika wana mpango gani na wapangaji kabla hujachora mstari wowote. Wakikosa jibu, kuwa mwangalifu nao.

Pwani_Unguja

Ndugu yangu, hiyo baraza uliyoiona Vingunguti usiiache. Huku kwetu Ng'ambo, mjini Zanzibar, nyumba ikijengwa bila baraza, watu wanatoa viti nje wakakaa njiani. Ofisini wakikupa ghorofa la kuchora, waombe mita moja na nusu ya kukaa pale chini, penye kivuli, karibu na mlango. Kazi ya jamii unaweza kuianza kwenye hiyohiyo kompyuta yao.

MchoroMpya

Nimerudi. Leo nimeongea na bosi wangu. Nimemwomba siku mbili kwa wiki badala ya saa za kila siku, na nimemwomba anipangie saiti kuliko mezani. La siku mbili kakubali. La saiti amesema tutaona. Kikundi nacho nimekiuliza swali la MizaniTatu: wana mbunifu mmoja aliyesajiliwa anayekuja kwa kujitolea, na yuko tayari kunisimamia kwa maandishi. La wapangaji hawakuwa na jibu la moja kwa moja, wameniita kwenye kikao chao cha Jumamosi tulizungumze. Nitaenda.

Mzee wangu nimemwonyesha hesabu ya posho. Hakusema mengi, kaniuliza tu Muheza nakwenda lini.

DadaMipango

Hongera mdogo wangu. Kabla hujapanda basi, mwombe mwenyekiti akuandikie barua ya serikali ya kijiji kwamba wamekualika, na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Bila hiyo, mhandisi wa halmashauri atakuona mtu wa kupita. Na siku ya kikao waambie kina mama waje, hata kama boma ni la shule. Wao ndio wanajua mtoto gani haji shule mvua zikinyesha, na kwa nini.

FundiWaTanga

Ukifika piga picha pembe zote nne, lenta kwa karibu, na msingi upande maji yanakotokea. Zilete hapahapa. Kama nina nafasi wiki hiyo nitakuja mwenyewe, toka hapa Tanga si mbali.