Daftari la michoro la kila siku: mnachora saa ngapi, na chakula hakipoi?

Abiria wa Dirishani (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu inanipeleka Dodoma na kunirudisha Dar karibu kila wiki, na tangu mwaka huu uanze natembea na daftari dogo la A5. Nachora ninachokula, ninachokiona njiani, na vitu vya kawaida tu: beseni la nguo, viatu vya mlinzi pale getini, ndoo ya maji chooni. Napenda sana. Nikifungua ukurasa wa mwezi uliopita siku ile inarudi yote, mpaka nani alikuwa anaongea pembeni. Picha za simu hazijawahi kunifanyia hivyo.

Shida ni kuendelea bila kukatika. Chakula kikija nina njaa, na wali maharage si wa kuukodolea macho wakati wenzako wananawa. Kwenye treni ya SGR ndiyo kabisa. Inafika kilomita 160 kwa saa, mbuyu nikianza shina, matawi yameshabaki nyuma. Sokoni watu wananizunguka, mkono unakuwa mzito. Halafu karatasi yangu ikiguswa na rangi za maji inajikunja. Mnaochora kila siku, siku yenu inakwendaje? Mnaanza na nini?

Mzawa wa Kilosa

Mkuu, kwenye treni vya karibu viache vipite. Chora vya mbali, vinakaa dirishani muda mrefu. Ukienda Dodoma kaa upande wa kushoto, ukikaribia Morogoro utaipata milima ya Uluguru na utakuwa nayo kwa muda wa kutosha: mstari wa juu kwanza, halafu mabonde, halafu mawingu kama yapo. Mbuyu usiuchore mmoja. Tazama mibuyu mingi inayopita, kisha chora mmoja uliokusanya umbo la yote.

Na kwenye mahandaki ya huku kwetu Kilosa usifunge daftari. Nje kukiwa giza kioo kinakuonyesha behewa lote la ndani. Jirani yako aliyelala anaonekana vizuri kiooni, na huhitaji kumkazia macho.

Fundi wa Barabara ya 10 (Tanga)

Mwanangu, pole na safari. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, mama wa watu wazima. Daftari langu linakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na mkasi na chaki. Sikusomea kuchora, ila nachora kila siku ya Mungu na nina maneno juu ya hili.

Sahani iache. Kula kingali moto. Chora chakula kinapopikwa, kwa sababu pale kuna kusubiri, na kusubiri ndiko kunakokupa muda. Mimi alfajiri huwa kwenye foleni ya mama vitumbua. Hakuna anayenidai nguo saa hizo. Chuma chake kina vishimo saba. Anatia mafuta kidogo kila kishimo, anangoja yapate moto, ndipo anamimina mchele aliouloweka na kuusaga, wenye tui, sukari na iliki, ulioumuka kwa hamira. Sasa tazama vizuri. Ukingo unaanza kuiva na kugeuka kahawia, juu vinatoka vitundu kama sega la nyuki, katikati bado kunatikisika. Hapo anachomeka ncha ya kijiti pembeni, anakizungusha, na kitumbua kinasimama wima kidogo, nusu kimeiva nusu kinachuruzika, kabla hakijalala upande wa pili. Hapo kinaposimama ndipo ninapopachora mimi. Kijiti, vidole viwili, ukingo wa kahawia, basi. Ukurasa umekwisha kabla zamu yangu haijafika.

Na kesho anageuza vile vile. Mkono ukikosa leo, kesho kitu kiko palepale kinakungoja. Kwa hiyo usihangaike kutafuta kipya kila siku. Chagua mtu mmoja anayefanya kazi moja kila siku, muuza kahawa, fundi viatu, kijana wa chipsi, umrudie. Ukimchora mara nyingi utaanza kujua kazi yake, na michoro itabadilika yenyewe. Hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote.

Watu kukuzunguka, dawa yake ni kuomba kwanza. Mimi nilisema, "Mama, naomba nichore mikono yako unapogeuza." Akacheka, akakubali. Wanaochungulia wasalimie, wageuzie daftari waone. Watakusahihisha: "Mbona hicho kijiti ni kifupi?" Wasikilize, mara nyingi wana haki. Wakikuzoea hakuna atakayesimama. Ila bandarini, karibu na kambi za jeshi na vituo vya polisi daftari libaki mkobani. Kuchora huko kunaleta maswali kama ya kamera.

Pembeni ya mchoro andika bei. Kitumbua shilingi 200, mvua ya manyunyu, mama ana kanga mpya, na jina la kanga nalinakili lilivyoandikwa. Bei hupanda kimyakimya, daftari ndilo linalokumbuka ilikuwa ngapi.

Karatasi shona mwenyewe. Zile za rimu, za fotokopi, ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Hizo ni za penseli na peni. Ukitaka maji tafuta gramu 200 kwenda juu, za 300 ndizo zinazotulia kabisa. Si kila duka la steshenari linazo na bei yake inauma, kwa hiyo mimi nachanganya nzito mbili na nyepesi tatu katika kila fungu. Kunja A4 katikati upate A5. Ingiza moja ndani ya nyingine, toboa matundu matano kwenye mkunjo. Uzi uwe imara, uupitishe kwenye nta ya nyuki. Anza tundu la katikati kwa ndani, panda hadi juu, rudi, shuka hadi chini, rudi, funga fundo ulipoanzia. Jalada ni boksi lililobandikwa kitenge.

Abiria wa Dirishani

Shikamoo mama. Asante sana, hili la foleni limenikaa. Dodoma pale ninapofikia kuna mama anapika mlenda na ugali wa mtama, nitaanza na mwiko wake. Swali: rangi natumia chai, kahawa na manjano ya jikoni, kwa kuwa za dukani ni ghali. Zitadumu?

Mjukuu wa Unguja (Muscat)

Ndugu yangu, chai na kahawa endelea nazo, ndani ya daftari lililofungwa zinakaa vizuri. Manjano inapendeza siku ya kwanza lakini haivumilii mwanga, itapauka upesi. Ukijaliwa kununua, nunua vidonge vitatu tu vya rangi za maji: nyekundu, njano, buluu. Ndani yake ni unga wa rangi na gundi ya Kiarabu, utomvu wa migunga ambao mwingi hutoka Sudan. Gundi hiyo ikipata maji hulainika tena, ndiyo maana huko pwani usifunge daftari kabla halijakauka, kurasa zitashikana. Hapa Muscat joto linakausha brashi ikiwa hewani, najifunza kuchora haraka. Mimi huchora birika la kahawa na sahani ya tende, kila nyumba wanapanga kivyake. Sura za watu, hasa kina mama, sizigusi bila idhini.

Fundi wa Barabara ya 10 (Tanga)

Marahaba mwanangu. Mwiko ni mwanzo mzuri. Tazama mlenda unavyovutika kutoka kwenye mwiko kwenda chunguni, uzi mmoja mrefu. Peni isiinuke mpaka ukatike. Na siku ukikosa kuchora usirudi kuijaza kwa kukumbuka. Andika tarehe, acha wazi, endelea na ya leo. Ukipita Tanga ulizia cherehani Barabara ya 10, nikuonyeshe lile fundo kwa mkono, kwa maandishi halieleweki vizuri.