Huyu "msemaji" wa jana usiku ana deni la taksimu nzima

Wakuu, sijalala. Saa nane hii naandika mikono inatetemeka.

Mliokuwepo jana kwenye onyesho la taarab asilia mnamjua, simtaji. Koti zito kama yuko Ulaya, miwani kichwani, karatasi mkononi. Ratiba ilisema "maneno machache, dakika tano." Dakika tano! Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar enzi zile, alimtuma mtu Misri akajifunze ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, yule angeenda, akajifunza, akarudi, akamkuta huyu bwana bado yuko kwenye "itifaki imezingatiwa."

Tukavumilia. Mzee wa ganuni muda wote kainama anakaza nyuzi. Nyuzi sabini na ushei, tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu wa bahari hauna huruma: akimaliza upande huu, ule ushashuka. Bashrafu, ule muziki wa kufungulia usioimbwa, ikapigwa ikaisha salama. Fidla zikanyamaza. Mzee akaanza taksimu, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, pole pole, kwa mahadhi ya Hijazi, mpaka bibi aliyekaa mbele yangu akaacha kujipepea.

Mtu huyu AKAPANDA JUKWAANI. Akamgusa mzee bega. Akashika kipaza sauti: "Samahani, nilisahau kumtambua mgeni mmoja."

Katikati ya taksimu! Bega! Mzee kabaki mikono hewani kama kakamatwa na polisi. Na mgeni mwenyewe hayupo, kaenda kula mishikaki.

Halafu eti historia: Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa zamani, alirekodi Cairo. Cairo! Ni Bombay, 1928, hata kuku wa Fumba wanajua. Lakini hilo nasamehe. Bega sisamehi.

Kiti cha Nyuma: Mleta uzi, ulilipa kiingilio au ulipita na wabeba spika? Tuanzie hapo.

Mleta uzi: Nimelipa. Na alimgusa BEGA.

Paka wa Darajani: Bega la mzee au la mkeo? Hasira hizi si za ganuni.

Dumbaki Bovu: Mie napiga kwenye kikundi, si kile cha jana. Sisi msemaji wetu alitutambulisha kuwa ni Ikhwani Safaa. Chama cha taarab cha tangu 1905, sisi hata miaka kumi hatujatimiza! Tukainamisha vichwa tu, tungefanyaje. Posho mpaka leo "inashughulikiwa."

Mtoto wa Ng'ambo: Mnalilia hotuba? Njooni harusi za huku. Muziki unatoka kwenye flashi, mwimbaji anatafuna jojo na sauti yake inaendelea.

Shangazi Rusharoha: Rusharoha, taarab yetu ya kisasa, msiiguse. Sisi angalau tunacheza. Nyie wa asilia mnasinzia, mkiulizwa mnasema mnasikiliza.

Mleta uzi: Hakuna aliyesinzia! Bibi aliacha kujipepea kabisa, halafu yule akaja akamgusa...

Kiti cha Nyuma: Bega. Tumeelewa, mkuu. Kunywa maji.

Shangazi Rusharoha: Huyo bibi aliacha kujipepea kwa sababu alilala.

Paka wa Darajani: Tuache hayo, mishikaki ya huyo mgeni ilikuwa ya wapi? Niliyouziwa mimi jana mbichi katikati.

Dumbaki Bovu: Yule wa ukutani karibu na bahari? Hata urojo wake maji matupu, bajia unaitafuta kwa tochi.

Mtoto wa Ng'ambo: Na kachori kaacha kuweka siku hizi. Fungueni uzi wake, huyo ndiye wa kushughulikiwa.