Mgahawa wa Kihindi unaosifiwa kila kona wamemlisha nyama mtu asiyekula nyama, kisha wakamwambia hakusoma menyu

Wakuu, nimekaa siku tatu bila kuandika nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Jina la mgahawa sitalitaja. Ni ile aina ya mahali penye taa za waridi, ukutani wamechora tembo na basi kuukuu, muziki umefunguliwa mpaka mtu wa jirani yako lazima umpigie kelele akusikie, na kila meza watu wanapiga picha sahani hadi chakula kinapoa. Tangu ulipofunguliwa watu hawaelewani juu yake. Kuna wanaoapa hawajawahi kula kitu kama kile, na kuna wanaosema hata ukiwalipia hawarudi. Mimi sikuwa na upande. Sasa ninao.

Tulikwenda wanne, siku ya kuzaliwa ya rafiki yangu. Huyu rafiki yangu hali nyama. Si suala la kupenda au kutopenda, ni imani yake na malezi ya kwao, na tangu azaliwe haijaingia mdomoni mwake. Ndiyo maana tukachagua Kihindi. Sijui upishi mwingine unaomheshimu asiyekula nyama kama huo: dengu za kila rangi, mbaazi, bamia, biringani la kuchoma, viazi na uwatu, jibini ya panir ndani ya mchicha. Kwingine kote huwa anaishia kupewa saladi na chipsi. Siku yake ya kuzaliwa hakutaka kumhoji mhudumu kila sahani inapofika. Alitaka akae, achague, ale kama sisi wengine.

Nafasi tuliweka wiki mbili kabla. Tulifika kwa saa tuliyopewa, tukasimamishwa mlangoni dakika 50. Tulipoketi tukaambiwa meza ni yetu kwa dakika 90 tu, kwa hiyo tuagize upesi. Yaani uchelewaji wao tukaulipa sisi. Sawa, tulimeza.

Niseme haki yao: pani puri, vile viputo vya unga vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo, zilikuwa nzuri. Viputo vilikuwa vikavu, maji ya ukwaju na mnanaa yana ukali unaotakiwa, na zililetwa tupu tujaze wenyewe ili zisilainike. Aliyeziandaa anajua kazi yake.

Ikaja biriani. Chungu kidogo kimefunikwa unga juu, mhudumu akaupasua mbele yetu na simu zikatoka meza ya pili. Jamani, ule unga una kazi. Katika biriani ya kufukiza, ya Hyderabad kwa mfano, nyama mbichi iliyolala kwenye mtindi na viungo inawekwa chini, wali ulioiva nusu juu yake, kisha mdomo wa chungu unazibwa kwa unga ili mvuke usipate pa kutokea. Nyama inaiva kwa jasho lake, wali unaiva kwa harufu ya nyama. Ukifungua, chumba kizima kinajua. Huu wetu ulipopasuliwa hapakutoka hata harufu ya iliki. Ulikuwa mkate laini uliookwa juu kwa ajili ya kupigwa picha, chini yake wali mkavu umepakuliwa juu ya mchuzi, na nyama katikati ina ubaridi wa friji. Upishi huu unakula saa nyingi, hauna njia ya mkato. Dal makhani yenyewe, zile dengu nyeusi za siagi, kwa desturi huachwa juu ya moto mdogo usiku kucha mpaka zinakuwa kama krimu. Wale watu muda wetu waliuchukua wote, lakini chungu hawakukipa muda wake.

Hata hivyo kwa biriani mbaya nisingefungua uzi. Nimekula mbaya nyingi na nikanyamaza. Naomba hapa msome taratibu.

Nchini India, chakula cha pakiti lazima kiwe na alama inayoonyesha kama kinamfaa asiyekula nyama. Kiduara cha kijani ndani ya mraba wa kijani maana yake hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Chenye nyama kina alama ya kahawia, zamani ilikuwa kiduara na siku hizi ni pembetatu. Migahawa mingi ya Kihindi imeichukua alama ya kijani na kuiweka kwenye menyu zao. Kwa mtu wa familia kama ya rafiki yangu, alama ile anaitambua kabla hajajua kusoma herufi. Ni ahadi. Ukiiona, unaacha kuuliza.

Menyu ya mgahawa huu ina alama hiyo. Kijani, ndani ya mraba, kando ya jina la chakula, mahali pale pale inapokaa siku zote. Rafiki yangu akashuka nayo kwa kidole, akafika kwenye dal makhani, akasema, "Hii yangu." Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja mtamu kuhusu usiku wa Delhi. Viungo havikutajwa.

Kijiko cha tatu alisimama. Akatema kwenye kitambaa taratibu, akakifunua, akanionyesha. Kima ya mbuzi. Nyama ya kusaga, imechanganywa humo ndani ya dengu.

Tukamwita mhudumu. Kijana mpole, simlaumu, alionekana ameshtuka kuliko sisi. Akasema, "Dada, hiyo alama ni ya vyakula vipya vya msimu." Nikamwomba arudie, akarudia. Mtu ameketi ofisini akachukua alama ambayo mamilioni ya watu wanaitegemea kila wanaponunua biskuti, akaona ina rangi nzuri, akaifanya pambo la "kipya".

Akaja meneja. Nilimweleza kwa adabu kabisa, "Kaka, mwenzetu hali nyama, ni dini yake, na menyu yenu imemwambia hii haina nyama." Hakumtazama rafiki yangu hata mara moja. Akafungua ukurasa wa mwisho, chini kabisa, akatuonyesha maandishi madogo kuliko ya kwenye kikaratasi cha dawa: alama ya kijani ni sahani mpya. "Ipo hapa," akasema. Kisha akaongeza kwamba wageni wengi wanaielewa dhana yao na hakuna aliyewahi kulalamika.

Rafiki yangu akainuka akaenda msalani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi uso umelowa maji, akachukua mkoba wake, akasema kwa sauti ya chini, "Twendeni." Keki tuliyoibeba ilibaki kwenye boksi, tukarudi nayo.

Na bili? Dal imo. Ada ya huduma asilimia 10, imo. Nilipogoma, wakaiondoa dal na kutuahidi kitindamlo cha bure tukirudi tena. Neno pole halikutoka kinywani mwa meneja. Hata moja.

Sasa najua watakuja wale wa kusema tumezoea Kihindi cha kizamani, hatuelewi ubunifu. Naomba hoja hiyo muiweke chini. Upishi wa Kihindi umekuwa ukibadilika muda wote. Pilipili yenyewe haikuwa ya kule, ilitoka bara la Amerika na kuletwa na Wareno. Vindaloo, ule mchuzi mkali wa Goa, pwani ya India, ilizaliwa na chakula cha Wareno cha nyama, divai na vitunguu saumu. Kuku wa siagi anayependwa dunia nzima ni wa karne ya 20, na mwaka 2024 migahawa miwili ilifikishana Mahakama Kuu ya Delhi kwa kugombania nani alimbuni. New Delhi kuna mgahawa unaoitwa Indian Accent, ulifunguliwa 2009, umejijengea heshima kwa kupika Kihindi cha kisasa kabisa. Kwa hiyo wekeni kima kwenye dal mkitaka. Wekeni hata kaa. Lakini andikeni. Neno moja tu, "kima", lingetosha, na menyu ile ina nafasi ya mashairi ya nusu ukurasa.

Na wanaodhani hili ni la mtu mmoja mwenye imani yake wafikiri kidogo. Korosho za kusaga ndizo zinazofanya mchuzi mwingi wa Kihindi uwe mzito na laini: korma, kuku wa siagi, mara nyingi hata panir. Huzioni, zimeyeyuka. Mtu mwenye mzio wa korosho anategemea menyu tu na neno la mhudumu. Jikoni ambako alama inayojulikana namna hii imegeuzwa mapambo, na anayeuliza anaonyeshwa maandishi ya ukurasa wa mwisho, utampeleka mwanao mwenye mzio? Mimi simpeleki.

Ninachotaka si kitindamlo. Waiondoe alama ile kesho, au waitumie kwa maana yake. Waandike kilichomo ndani ya kila sahani. Na yule meneja amtafute rafiki yangu, si mimi, amwombe radhi yeye mwenyewe, kwa sababu hayo mambo kwake hayaishi kwa kusukutua mdomo. Alifunga siku iliyofuata. Hakuniambia, nilijua nilipompigia simu.

NYONGEZA: Nimeona wanaoniuliza kwa nini siutaji mgahawa. Nimewaandikia barua pepe juzi, sijajibiwa, na rafiki yangu ameniomba nisitaje jina wakati bado anaamua kama atapeleka malalamiko rasmi. Nitaheshimu hilo. Ila kama umewahi kula mahali penye tembo na basi ukutani, na uliagiza dal makhani kwa kuamini kile kiduara cha kijani, ujue ndani yake mlikuwa na kima ya mbuzi. Wewe una haki ya kujua, na wao hawatakuambia.